Sauti ya Siku ya Mvua

Daftari hili nililinunua kwa sababu nilikuwa nimeanza kusahau, si kwa sababu nina maneno. Shule niliishia darasa la saba, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akinirudishia insha amezipiga mstari mwekundu katikati: unazunguka, nenda moja kwa moja. Basi nitajaribu kwenda moja kwa moja. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, maana humu wamo watu ambao si haki kuwasemea vibaya, na yumo mmoja ambaye si haki kumsemea vizuri kupita kiasi. Huyo ni mimi.

Nafanya kazi Bawshar, kwenye nyumba nyeupe yenye ngazi za nje, namtunza bibi mmoja mzee. Bibi kazaliwa Unguja, akaja Oman akiwa msichana, na Kiswahili chake hakijahama. Binti yake ndiye mwenye nyumba. Anafanya kazi ofisi ya serikali, anatoka saa moja asubuhi na kurudi saa tisa. Mimi namwita Mama, ingawa nadhani tunalingana umri. Kazi yangu ni bibi: kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa zake za presha kwa wakati, na kumsikiliza. Hiyo ya mwisho haimo kwenye mkataba, lakini ndiyo inayochukua siku nzima.

Kwenye simu nina kundi. Sisi ni watatu tu. Mmoja anafanya usafi kwenye kiwanda huko Rusayl na kulala hosteli ya wafanyakazi. Kwao Mbeya, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na anacheka hata akiwa anaumwa jino. Mwingine yuko Sidab, anapikia familia moja huko karibu na bahari. Kwao Mombasa, na ameshakaa nchi hii miaka kumi na moja. Tulikutana foleni ya kupimwa damu kwa ajili ya vibali. Majina tunayajua lakini hatuyatumii. Tunaitana kwa mahali: Rusayl, Sidab, na mimi Bawshar.

Kundi letu lina sheria moja, na aliyeileta ni Sidab. Kila asubuhi kabla ya saa mbili kila mtu anatuma sauti yake. Si maandishi, si picha ya ua, si mikono miwili ya kuomba dua. Sauti. Na ndani ya sauti lazima yawemo mambo matatu: nimeamka, jana nilikula kitu fulani, usiku nililala. Zamani Sidab alikuwa na rafiki aliyekuwa akimtumia picha ya maua kila asubuhi. Maua yalikuja mwezi mzima. Siku aliyopata nafasi ya kwenda kumtazama, alimkuta amekaa sakafuni chumbani, nywele hazijachanwa, hajui leo ni siku gani. Akarudishwa kwao hivyo hivyo.

"Ua mtu yeyote anaweza kutuma," Sidab alituambia. "Hata maiti, ukimshika kidole. Mimi nataka nikusikie."

Miaka miwili tuliishika sheria hiyo, na nilidhani ni mchezo wa kuchekeshana asubuhi. Rusayl alikuwa akisema jana nimekula maharage, leo msisimame karibu nami kwenye basi. Mimi nilisema wali na papa. Sidab alisema samaki, kila siku samaki, mpaka tukamwambia ataota magamba.

Kisha mama yangu akapata kiharusi.

Mama yangu alikuwa Muheza, ndiye aliyekuwa akikaa na wanangu wawili. Kaka alinipigia simu jioni akasema mama ameanguka uani, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yake hayaeleweki. Wanangu wakahamia kwa kaka. Mimi nilikuwa na miezi minane mbele yangu kabla ya likizo. Niliweza kuomba ruhusa? Huenda. Sikuomba. Nilimwuliza kaka, naye akasema ukija utaketi tu na sisi, na dawa atanunua nani? Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema ukweli, na mimi nilikuwa najua ni ukweli.

Kuanzia hapo nikawa nalala na simu chini ya mto. Si kulala hasa. Nilikuwa nalala kama mtu anayesubiri basi. Asubuhi namwogesha bibi, namfuta katikati ya vidole vya miguu, namkausha mgongo, na kichwani namwuliza mtu mwingine kabisa: je, wewe wamekukausha mgongo? Chakula kilikuwa kinanigeuka mdomoni. Nikaanza kusahau. Nilikuta chumvi ndani ya jokofu. Niliita paka wa jirani kwa jina la mwanangu.

Kila asubuhi saa mbili ilikuwa inafika.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu. Mimi sipendi kusema uongo, na nadhani hicho ndicho kilichoniponza. Kusema "nimekula, nimelala" kwa mdomo wangu sikuweza. Lakini simu ilikuwa na sauti zangu zote za nyuma. Nikapanda juu kwenye mazungumzo, nikachukua sauti ya siku moja njema, nikaituma tena. Nikajiambia: hili si uongo, kila neno humo nililisema, na siku nilipolisema lilikuwa kweli. Nilituma ya mwezi uliopita, kesho yake nikatuma ya mwezi wa kabla yake. Hawakugundua. Nilifurahi kwamba hawakugundua, na pia niliumia, na sijui kipi kilizidi.

Siku ninayotaka kuiandika ilikuwa siku ya joto lile ambalo maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto. Nilimpa bibi chai na kidonge chake cha asubuhi. Nikaosha kikombe. Niliporudi chumbani nikaliona kopo la biskuti tunalowekea dawa liko wazi, nikasimama. Nimempa? Nilitafuta kichwani, hamna kitu. Palikuwa peupe. Nikatoa kidonge, nikampa.

Bibi akakitazama. "Mbona leo vingi?"

"Ni hicho kimoja tu, bibi."

"Nnajua kuhesabu mie. Mpaka mbili nnafika."

"Bibi, kimoja. Kunywa."

Akanywa, kwa sababu ananiamini. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine na hakuna namna nyingine.

Baada ya muda akiwa kwenye kiti chake akashika meza. "We mtoto, mbona sakafu inakwenda?" Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nikachukua karatasi ya vidonge, mpya, nimeifungua asubuhi hiyo hiyo. Matundu mawili.

Nilimlaza, nikampandishia miguu juu ya mito, nikampa maji kidogo kidogo, nikamshika mkono nikisikiliza pumzi yake. Nilipaswa kumpigia Mama ofisini palepale. Sikumpigia. Naliandika hivyo hivyo bila kulipaka rangi. Simu ilikuwa mkononi, na kwenye simu Rusayl alikuwa anaita: "Bawshar, sauti! Saa mbili inapita, au umeolewa?" Nikapanda juu, juu sana, nikatafuta sauti ambayo ninacheka, ili wasiniulize. Nikaipata. Sikuisikiliza mpaka mwisho. Nikaituma.

Bibi alipata nafuu polepole. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekaa, anauliza kwa nini chai ni ya rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nilikwenda jikoni nikaegemea ukuta. Ndipo nilipofungua simu.

Rusayl alikuwa ametuma sauti mbili. Ya kwanza anacheka: "Aisee, Bawshar, kwako kunanyesha? Mimi nimetoka kwenye basi sasa hivi, kioo kinachoma mkono, vumbi mpaka kwenye meno, na wewe huko bibi anapiga kelele mvua, mvua, anueni nguo! Hilo wingu limepata kibali cha peke yake?" Ya pili hakuna kicheko. "Dada. Hebu nijibu."

Nikaisikiliza sauti yangu. Ilikuwa ya siku ya mvua ya miezi mitano nyuma, siku ambayo wadi, lile bonde kavu la mto, lilifurika na ofisi zikafungwa mapema. Huku mvua inanyesha mara chache, na kila mtu anaikumbuka kama harusi. Mimi nasema nimekula wali na papa, nimelala kama gogo, nacheka, na nyuma yangu bibi anaita kwa nguvu zake zote: "Mvua! Mvua jamani! Anueni nguo!" Na maji yanasikika yakipiga sanduku la kiyoyozi.

Sidab hakutuma sauti. Alipiga.

"Tangu lini?" akasema. Hata salamu hakuna.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, Bawshar. Mimi si bibi yako. Tangu lini unatupa sauti za zamani?"

Nikamwambia. Wiki ya pili sasa.

"Umekula lini mara ya mwisho?"

"Juzi. Nadhani."

"Nadhani si chakula."

Nikaanza kulia, na nilipoanza nikasema yote, hata lile nililokuwa nimeapa kulizika: vidonge viwili, sakafu inayokwenda, bibi aliyeniambia anajua kuhesabu. Aliniacha nimalize.

"Mama mwenye nyumba anajua?"

"Hajui. Bibi hajambo sasa. Ameomba chai."

"Utamwambia leo, akirudi kazini, kabla hajavua viatu."

"Atanirudisha, Sidab. Nikirudishwa sasa, mama yangu..."

"Huenda atakurudisha. Mimi sikuahidi kitu. Lakini huyo uliyempa vidonge ni mama wa mtu."

Nilitaka kumjibu kwamba mimi pia nina mama. Kisha nikaelewa kwamba ndicho alichokuwa anasema.

"Nami nakuahidi hili," akaongeza. "Ukimwambia, hutakuwa peke yako baadaye, akufukuze au asikufukuze. Usipomwambia, nitampigia mimi. Halafu utanichukia, na nitakubali unichukie."

Baadaye nilijiuliza kama alikuwa na haki ya kunitisha hivyo. Kwa upande mmoja alikuwa mtu mzima anamtisha mtu aliyekuwa anazama. Kwa upande mwingine alikuwa mtu pekee aliyekuwa amenishika. Sijamaliza kuliamua, ila namshukuru.

Saa tisa Mama aliingia. Nilimsubiri mlangoni pale pale, akiwa bado na abaya na funguo mkononi.

"Mama, leo asubuhi nimempa bibi kidonge cha presha mara mbili. Nilisahau. Akapata kizunguzungu. Sasa hajambo, lakini nilipaswa kukupigia na sikukupigia."

Alinitazama. Akapita, akachukua mashine ya kupimia, akampima bibi mara mbili, akampigia simu ndugu yake ambaye ni mfamasia, wakaongea Kiarabu haraka haraka. Bibi alikuwa analalamika: "Mbona mnantazama kama maziwa jikoni? Nnachemka?" Kisha Mama akarudi jikoni nilipokuwa nimesimama.

"Saa ngapi ilikuwa?"

"Saa mbili kasoro."

"Na mpaka saa tisa hukunambia."

"Niliogopa, Mama."

"Na mimi sasa naogopa," akasema.

Hakupiga kelele. Hakunifariji pia, na sioni kwa nini angenifariji. Akauliza una nini, mbona siku hizi umekuwa kama mtu aliyepotea humu ndani? Nikamwambia habari za Muheza. Akaweka funguo mezani. "Nilikuuliza juzi, mama hajambo? Ukanambia hajambo." Ni kweli. Aliuliza, na mimi nilijibu hivyo. Watu wakisikia kisa hiki wanapenda kumfanya yeye kuwa mbaya, ndiyo maana naliandika: aliuliza.

Alichukua kopo la dawa akaliweka chumbani kwake. Alisema atatoa dawa mwenyewe kabla ya kwenda kazini, na ile ya saa nne atamwagiza wifi yake anayeishi nyuma yetu aje. Mimi nitaendelea na mengine. "Nipe muda nifikiri," alisema. Nikampa, ingawa wa kutoa muda hakuwa mimi.

Jioni hiyo Rusayl alipiga.

"Umepakua?"

"Nini?"

"Chakula, nini tena? Pakua. Weka simu mezani. Mimi niko hapa kitandani na maharage yangu, wewe na wali wako. Tafuna nikusikie."

"Sina hamu."

"Hamu nimekuuliza? Tafuna."

Nilitafuna. Yeye alikuwa anaongea peke yake, habari za msimamizi wao aliyejifungia chooni kwa bahati mbaya akapiga mlango nusu saa na wote wakadhani ni mashine, na kila nikinyamaza anasema, "Sijasikia meno." Kijiko kwa kijiko sahani ikaisha nusu. Kesho yake hivyo hivyo. Sidab naye akaja na lake, na hilo ndilo lililoniokoa zaidi.

"Mpe kaka yako namba yangu," alisema. "Habari za usiku zije kwangu."

"Kwako? Mama ni wangu."

"Ndiyo maana. Wewe usiku unalinda simu, mchana unamtunza mzee wa watu. Mlinzi hafanyi kazi zamu mbili. Mimi nalala karibu na jiko, simu ikilia haimwamshi mtu. Kaka yako akiwa na neno la usiku aniambie mimi. Kama ni la kawaida, utalipata asubuhi kwenye sauti."

"Na kama si la kawaida?"

Alifikiri. "Hilo sitalileta kwa simu. Nitakuja kwa miguu yangu."

"Usinifiche, Sidab."

"Sikufichi. Ukiniona Bawshar siku isiyo Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, utajua."

Nilimpigia kaka. Kwanza alikasirika, nani huyo mgeni wa kupewa habari za nyumbani kwetu? Nikamweleza habari ya vidonge. Akasema, "Nipe hiyo namba, dada." Usiku ule niliweka simu jikoni ndani ya droo ya vijiko, nikafunga, nikarudi kitandani mikono mitupu. Nilidhani sitalala. Nikazinduka, adhana ya alfajiri.

Ijumaa nilimwomba Mama wageni. Kanuni ya nyumba ni hakuna wageni wa mfanyakazi, na ana sababu: kabla yangu yalitokea mambo ambayo si yangu kuyaandika. Alikubali jiko la nje, kuanzia alasiri hadi magharibi. Wakaja na teksi moja, Rusayl amebeba unga wa ugali kifuani kama mtoto mchanga. Tukapika ugali na dagaa. Bibi akaita kutoka dirishani, "Nani anapika matope huko?" Rusayl akajibu, "Shikamoo bibi, ni matope ya kwetu Mbeya!" Bibi akataka aletewe ayaone. Akala matonge mawili, akasema hayana ladha, akaomba la tatu.

Sitaki kusema kwamba kila kitu kikapona. Kuna siku nilitafuna na chakula kikawa karatasi. Kuna asubuhi niliyosema kwenye sauti, "Nimeamka, nimekula, sikulala," na hawakunihubiria, walisema tu tumesikia. Hilo lilinishangaza. Nilikuwa nikiwaficha nikidhani nikisema kweli nitawaelemea. Kumbe sauti za zamani ndizo zilizowaelemea, maana walikuwa wamebeba mtu ambaye hayupo. Mama yangu hakubadilika, Muheza haikusogea karibu, miezi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kichwa changu kilikuwa na mahali pa kuweka mzigo kwa saa kadhaa, na kikipumzika kinakumbuka. Chumvi ikarudi kabatini.

Mama alinunua kiboksi cha dawa chenye vijumba, kila siku na vyake, asubuhi, saa nne na jioni. Wiki za mwanzo alikijaza yeye. Kisha Ijumaa moja akakiweka mbele yangu pamoja na lile kopo la biskuti. "Jaza." Nikajaza, yeye amekaa upande wa pili wa meza anatazama. Nilipomaliza akafungua kijumba kimoja kimoja, vyote ishirini na kimoja, akahesabu kwa kidole. Akavifunga. Akanisukumia kiboksi upande wangu, akainuka akaenda zake. Mimi nilikishika mpaka mikono ikatoka jasho.

Ilikuwa Jumanne. Bibi alikuwa anatazama mpishi mmoja kwenye televisheni anayepika biriani, na alikuwa amechukia. "Mtazame! Anachanganya! Biriani hilo au uji?" Tulikuwa tunacheka, mimi mpaka machozi. Saa nne ilifika, nikafungua kijumba cha Jumanne, nikakiweka kidonge kiganjani. Kengele ya mlango ikalia. Kwenye kile kioo kidogo cha ukutani kinachoonyesha aliyeko nje nikamwona Sidab, mtandio umemshika usoni kwa jasho. Nyuma yake gari la Mama, ambaye alikuwa ametoka saa moja kwenda kazini.

Haikuwa Ijumaa.

Nilisimama pale. Kisha nikageuka, nikarudi kwa bibi, nikampa kidonge na maji. "Kimoja, bibi." Akameza. Nikamtazama koo mpaka kikashuka. Nikafunga kijumba. Ndipo nikaenda kufungua mlango. Sijui kama huo ulikuwa uthabiti au nilikuwa naiba dakika moja ya mwisho ya kuwa na mama. Inawezekana vyote viwili.

Sidab alinishika. Mama akanipita akaenda kukaa na bibi, na nilimsikia akizima televisheni.

Kaka alikuwa amepiga alfajiri. Sidab alikaa na habari ile zaidi ya masaa manne. Alimpigia Mama, namba niliyompa mwenyewe kwa ajili ya dharura, na Mama akaomba ruhusa ofisini akaenda mpaka Sidab kumchukua, ili nikiambiwa pawepo mtu wa kumshika bibi na mtu wa kunishika mimi. Nimeyapima sana masaa yale. Mama yangu alikuwa ameshakufa na mimi nilikuwa nacheka kwa ajili ya biriani. Kuna siku jambo hilo linanichoma na naona waliniibia. Kuna siku naona walinipa asubuhi moja zaidi, na wao wakaibeba. Nilimwambia Sidab yote mawili. Akasema, "Yote mawili nayakubali." Nami nimemwachia hapo.

Maziko tuliyafuata kwa simu, kaka ameishika ikitikisika, mchanga unasikika kuliko unavyoonekana. Alasiri Mama alifungua sebule ya wanawake kwa ajili yangu. Wao wanasema aza, sisi kwetu matanga. Ilikuwa alasiri moja, si siku tatu, maana kesho yake nyumba ilikuwa na wageni wa mumewe, na aliniambia hivyo waziwazi. Wifi yake alikuja, na majirani wawili ambao siku zote nilikuwa nawafungulia mlango tu, wakanipa mkono na kunikalisha mimi, wakanimiminia kahawa. Rusayl aliomba ruhusa kiwandani akaja amejifunga kanga kichwani, akauliza mlangoni kwa sauti ya chini, "Mimi Mkristo, nikae wapi?" Bibi akapiga godoro kando yake. "Hapa. Wewe si yule wa matope?"

Walipoondoka magharibi niliogopa asubuhi.

Asubuhi ilikuja. Saa mbili kasoro nilikaa jikoni na simu. Zilikuwepo humo sauti nyingi za kuchagua, miaka miwili ya wali na papa. Sikupanda juu. Nilibonyeza, nikasema:

"Nimeamka. Jana nilikula tende mbili na kahawa. Usiku sikulala, nililia. Mama yangu amefariki. Mimi nimeamka."

Niliisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuituma. Nyuma yangu kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na bibi alikuwa anauliza kama leo katika nyumba hii kuna chai au hakuna. Hakukuwa na mvua. Nikaituma.

Kabla sijaweka birika jikoni simu ikalia. Rusayl, kutoka kwenye basi, honi na vumbi.

"Tumesikia, dada. Una mkate hapo?"

"Upo."

"Weka simu mezani."

Nikaiweka. Nikakata kipande, nikakitia mdomoni.